Swali Huulizwa kwa Lugha ya Nani?

Kitabu cha mbinu za utafiti kilichoandikwa Nairobi kitakuambia uandae hojaji. Kilichoandikwa Dar es Salaam kitakuambia uandae dodoso. Sisi tunaosomea Kiswahili nchini Uganda tunatumia vitabu vya pande zote mbili, kwa hiyo katika darasa letu maneno haya yanaishi pamoja kama wake wenza, na kila mwanafunzi ana upande wake. Mimi ni wa dodoso. Kudodosa ni kuuliza polepole, kwa kuzunguka, kama shangazi anavyomdodosa binti aliyechelewa kurudi nyumbani: anaanza na chakula, anapita kwenye mvua ya jana, mwishowe anafika anapotaka. Kuhoji kuna haraka zaidi. Redioni tunasikia kwamba mshukiwa anahojiwa na polisi. Najua wapo watakaosema kwamba tofauti hiyo ni ya hisia tu na karatasi ni ile ile. Insha hii inahusu hisia hiyo, kwa sababu nimeikuta sokoni, na nadhani inastahili nafasi kubwa katika somo la mbinu za utafiti kuliko inayopewa sasa.

Somo lenyewe tulilianza mwaka wa pili. Wanaolijua hawahitaji maelezo marefu: mada, tatizo la utafiti, malengo, mapitio ya maandishi, sampuli, ukusanyaji wa data, uchambuzi, maadili. Tulifundishwa tofauti kati ya utafiti wa kitakwimu na wa kimaelezo, na kile kipimio cha mitazamo alichokibuni Rensis Likert mwaka 1932, chenye ngazi tano kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Tulifundishwa kwamba chombo cha utafiti lazima kiwe na uhalali, yaani kipime kile kinachodai kupima, na kiwe cha kuaminika, yaani kikitumiwa tena kesho katika hali zile zile kitoe matokeo yale yale. Kuhusu lugha tulipata aya moja. Ikiwa watafitiwa hawajui lugha ya dodoso, dodoso litafsiriwe. Kisha mtu mwingine ambaye hajaona matini ya kwanza airudishe tafsiri hiyo katika lugha ilikotoka, na matini hizo mbili zilinganishwe. Njia hii ya tafsiri rejeshi, ambayo Richard Brislin aliieleza katika makala yake ya mwaka 1970, ni nzuri. Inakuonyesha kama maana ya maneno imefika salama. Haikuonyeshi msikilizaji anamwona nani mbele yake maneno hayo yanapotamkwa.

Lazima niseme ninatoka wapi, maana mtafiti naye ni sehemu ya data yake. Mimi ni mzaliwa wa Arua. Kwetu Kiswahili ni lugha ya soko. Wafanyabiashara wanavuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, na bei ya vitenge inajadiliwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kilingala na Kilugbara, kwa sarufi ambayo ingemfanya mwalimu wangu wa mofolojia ashike kichwa. Mama yangu hakusoma sana, lakini Kiswahili anakijua kuliko Kiingereza. Nilipofika Kampala nilidhani nimebeba lugha ya kumfungulia mtu mlango. Hapa ukimsalimia kondakta wa teksi kwa Kiswahili atakutazama mara mbili, na mzaha wa kwanza utakaousikia ni "Ndiyo, afande!"

Sababu zake wasomaji wengi wa insha hizi wanazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, na baada ya uhuru kikabaki kuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kukipa nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala, na Kabaka Daudi Chwa akapinga. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba ndiyo lugha ya taifa. Mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania waliosaidia kumng'oa waliingia Kampala wakikizungumza pia. Watu wakawaita "bakombozi". Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Uamuzi huo wa mwaka 2022 ndio uliotupa mada ya zoezi letu la uwandani. Kila wanafunzi wawili walitakiwa kuchunguza mtazamo wa watu kuhusu kufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi. Mimi na mwenzangu, ambaye ni Muganda wa Mukono, tulichagua soko la Kalerwe kwa sababu liko karibu na nauli yake ni ndogo. Tuliamua kwamba maswali yawe yale yale, ila mimi nitauliza kwa Kiswahili wale wanaosema wanakijua, na yeye atauliza kwa Kiganda. Hatukuwa na nadharia yoyote kubwa. Mimi nilitaka mazoezi ya kuzungumza, na mwenzangu alitaka kumaliza mapema.

Kabla ya kuuliza swali lolote kuna milango ya kubisha. Barua ya idara yenye muhuri ni lazima, na mwenyekiti wa LC1 ni lazima. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mkarimu sana, na kwa ukarimu huo akataka atutembeze mwenyewe meza kwa meza. Mwalimu wetu alikuwa ametuonya mapema: anayefuatana na mwenyekiti hupata maoni ya mwenyekiti. Mwenzangu alimshukuru kwa Kiganda kirefu chenye heshima zote, akamweleza kwamba mwalimu anataka tujifunze kutembea peke yetu kama watoto. Alicheka, akatuachia. Ustadi wa namna hiyo haumo katika kitabu chochote cha mbinu nilichokisoma, ingawa bila huo sura nzima ya ukusanyaji wa data ingeishia kwenye benchi la ofisi yake.

Siku ya kwanza majibu yangu yalikuwa matamu. Kila niliyemuuliza kwa Kiswahili alikipenda Kiswahili. Kijana wa bodaboda kwenye steji ya barabarani alikubali kabisa. Muuza nyanya alikubali kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mabadiliko ya pesa zake alisema Kiswahili ni lugha nzuri, lugha ya umoja, lugha ya Afrika, akapiga saluti kidogo kwa mkono uliokuwa umeshika mfuko wa mihogo. Mwenzangu, meza chache mbele, alikuwa anaandika mpaka pembezoni mwa karatasi. Kwa Kiganda watu walikuwa na maswali yao. Nani atakifundisha? Vitabu vitanunuliwa na nani? Kwa nini mtoto aongezewe mtihani mwingine? Wengine walikitaka kwa sababu za biashara, wakataja Nairobi na Juba. Wengine walisema hapana, bila ukali, kama mtu anayekataa chai kwa kuwa ameshakunywa.

Ningeweza kueleza tofauti hiyo kwa njia rahisi, na ni sehemu ya ukweli. Wanaokijua Kiswahili ndio wanaokipenda, na mimi niliwauliza hao peke yao. Sampuli yangu ilikuwa imejichagua yenyewe kabla sijafungua kalamu. Tena karibu wote niliozungumza nao walikuwa wanaume, katika soko ambalo meza nyingi zina wanawake. Hili lina historia. Katika kitabu Language in Uganda cha mwaka 1972, kilichotokana na utafiti ulioongozwa na Peter Ladefoged kabla Amin hajatwaa madaraka, inaelezwa kwamba asilimia 39 ya watu waliweza kuzungumza Kiganda, 35 Kiswahili na 21 Kiingereza. Hiyo 35 hunukuliwa kila mahali na wapenzi wa Kiswahili, mimi nikiwemo. Huwa tunaiacha ile ya pili iliyomo ndani yake: kwa wanaume ilikuwa 52, kwa wanawake 18. Ukiingia soko la Uganda na dodoso la Kiswahili tu, umeshawaondoa wanawake wengi bila kuandika popote kwamba umewaondoa.

Sehemu nyingine ya ukweli tuliipata siku ya tatu, tuliporudi pamoja. Kulikuwa na mama mmoja anayeuza mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, mtu wa umri wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amenijibu kwa Kiswahili siku ya kwanza, kwa maneno machache yaliyonyooka. Nakubali. Ni nzuri. Wafundishe. Mwenzangu alinunua mukene wa kupeleka nyumbani, wakapiga porojo, na katikati ya porojo akamuuliza kwa Kiganda alijifunzia wapi Kiswahili. Mama akasema alijifunzia barabarani, alipokuwa msichana mdogo, miaka ile ya themanini. Akahesabu kwa vidole Kiswahili chote alichojifunza wakati huo: simama, toa kitambulisho, lala chini, panda gari.

Wasomaji wa nje ya Uganda wataona maneno mawili ya mwisho kuwa ya kawaida. Kwenye kitabu chetu cha mwaka wa kwanza, kitenzi "panda" kina picha ya mtu anayepanda mti na mwingine anayepanda basi. Kampala ya miaka ya themanini "panda gari" lilikuwa jina la msako. Wanajeshi walizingira mtaa, wakawaamuru watu kupanda malori, na wapo waliopanda wasirudi. Jina hilo limebaki katika Kiganda hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake, na watu wa umri fulani hawahitaji kutafsiriwa. Kaka yake mama huyu alipanda. Alilisema hilo huku anapima kikombe cha mukene, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza kama wauzaji wanavyofanya, akafunga mfuko.

Kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiganda, mwenzangu akanitafsiria: huyu kijana wako ana adabu, lakini alikuja na karatasi yenye muhuri, akaniuliza kwa Oluswayiri kama nakubali. Ningesema nini?

Nimelifikiria neno hilo "nakubali" kuliko neno lolote tulilolifundishwa darasani. Katika dodoso letu lilikuwa ngazi ya mtazamo: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika. Katika fomu ya ridhaa, ile inayosainiwa kabla ya maswali, kulikuwa na sentensi "Nakubali kushiriki katika utafiti huu." Ni neno lile lile. Na Kiganda hakisaidii, kwa sababu "okukkiriza" ni kuamini, ni kuafiki, na ni kuridhia. Mama alisikia kitu kimoja mara mbili: mtu mwenye muhuri anataka nikubali. Akakubali. Tafsiri rejeshi ingepita mtihani wake vizuri kabisa, kwa sababu hakuna neno lililopotea njiani. Kwenye karatasi yangu amewekewa alama ya vema kwenye "nakubali", na mtu akiingiza karatasi hiyo kwenye kompyuta, mama huyu atakuwa mpenzi wa Kiswahili hadi mwisho wa dunia.

Tuliporudi darasani mwalimu hakushangaa. Alitupa jina tutafute maktabani: Mahmood Mamdani. Tulikuwa tunamjua kama profesa aliyekuja kuongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere mwaka 2010 na kupigania mafunzo ya utafiti wa kweli dhidi ya kazi za ushauri za kulipwa. Hatukujua kwamba alianza na kitabu kuhusu kijiji cha Manupur, Punjab, nchini India. Katika miaka ya hamsini watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliendesha huko mradi mkubwa wa uzazi wa mpango. Waliwatembelea watu nyumbani, wakawagawia vidonge vya kuzuia mimba, na wengi wakavipokea. Ila uzazi haukupungua kama ilivyotarajiwa. Mamdani alikwenda kijijini humo baadaye, akaketi na watu, akagundua kwamba wengi walivipokea vidonge wasivitumie. Wageni walikuwa watu wema, wametoka mbali, na kuwakatalia kungekuwa utovu wa adabu. Mwanakijiji mmoja alikuwa amezipanga boksi zake za vidonge kuwa kama sanamu ya kupamba nyumba. Sababu ya kutovitumia haikuwa ujinga: mkulima maskini alihitaji mikono ya watoto ili aishi. Kitabu, The Myth of Population Control, kilitoka mwaka 1972.

Nilikisoma chote kwa siku mbili, jambo ambalo sijalifanya kwa kitabu kingine cha kozi. Huko Manupur watu walisema ndiyo kwa adabu. Kalerwe kulikuwa na adabu pia, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na nadhani hatuwezi kuviita vyote viwili kwa jina moja la "upendeleo wa majibu" tukaendelea na sura inayofuata. Mtu anayekubali ili asikuudhi anaweza kudodoswa taratibu mpaka akwambie kweli. Anayekubali kwa sababu lugha yenyewe iliwahi kumwamuru hawezi kudodoswa kwa lugha hiyo hata uwe mpole kiasi gani. Upole wangu wa Arua aliuona, akausifu, na haukubadilisha jibu.

Baadhi ya wenzangu walihitimisha kwamba Kiswahili hakifai kufanyia utafiti Uganda. Mimi sikubaliani nao, na hapa nalitumia neno hilo kwa maana moja tu. Nenda kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, ambako wengi wametoka Kongo, uulize kwa Kiganda uone utafika wapi. Huko Kiswahili ndiyo lugha ambayo watu wanaombea, wanagombania na kubembelezea watoto. Kwetu Arua, Kiingereza ndicho kinachokufanya uonekane mtu wa serikali. Lugha ile ile ni mgeni mwema hapa na askari pale, na wakati mwingine katika soko moja, meza mbili zilizopakana, kutegemea mwenye meza alizaliwa mwaka gani na wapi. Kijana wa bodaboda yeye Kiswahili alikipata kwenye muziki wa Tanzania. Kwake "panda gari" ni kupanda gari.

Ninachodai kwa walimu wetu ni kitu kidogo na cha kuchosha, kama mambo mengi ya mbinu za utafiti yalivyo. Lugha ya kuuliza iingizwe katika uteuzi wa sampuli, isiachwe kwenye kiambatisho. Sura ya tatu ya tasnifu iseme nani aliulizwa kwa lugha gani, nani alichagua lugha hiyo, na mhojiwa aliipatia wapi. Neno "nakubali" lisitumike katika ridhaa na katika kipimio cha mitazamo kwa pamoja. Na ridhaa yenyewe mara nyingi ingefaa iwe ya mdomo, kwa maana watu wengi wanaokataa kusaini wanakataa kwa akili: saini na dole gumba ndivyo vitu ambavyo mashamba hupotelea. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia linadai ridhaa ithibitishwe, na ni haki lidai hivyo, ila sauti iliyorekodiwa nayo ni uthibitisho.

Katika ripoti yetu tuliamua kutotoa asilimia. Watu wachache wa soko moja hawatoi asilimia, hata kama jedwali linapendeza. Tuliweka majibu katika safu mbili kwa kufuata lugha, na chini yake tukaeleza kisa cha mama wa mukene bila jina wala mahali meza yake ilipo, baada ya mwenzangu kurudi kumwomba ruhusa. Alimruhusu. Aliuliza kama mwalimu wetu ni wa umri gani.

Sasa niko mwaka wa tatu na pendekezo langu la utafiti liko kwa msimamizi. Nataka kulinganisha kumbukumbu za Kiswahili za wanawake wa Kampala na wa Arua, kila mmoja akizungumza lugha anayoitaka yeye. Kwa Kilugbara sina shida. Kwa Kiganda nitahitaji mtu, na nimeandika kwamba atakuwa mwanamke na atakuwepo tangu mazungumzo ya kwanza, asiletwe baadaye kutafsiri kanda. Msimamizi amerudisha rasimu kwa alama chache tu za kalamu nyekundu. Kwenye ukurasa wa bajeti amezungushia duara mahali nilipoacha wazi na kuandika pembeni: huyu mkalimani atalipwa na nani?